Nani Aliandika 50 Kwenye Kile Kibao?

Ukipanda basi Arusha kuja kwetu Babati, utapita vibao vya 50 vingi kabla hujashuka stendi. Makuyuni vipo, Minjingu vipo, Magugu vipo, na Babati mjini ndiyo usiseme. Kibao chenyewe unakijua: duara lenye ukingo mwekundu na namba nyeusi katikati. Dereva akikiona anapunguza mwendo, hasa akihisi kuna tochi mbele. Akikuta kile kingine chenye mistari myeusi iliyokata namba, anakanyaga mafuta tena. Abiria tunasinzia, safari inaendelea.

Wengi wetu tunakichukulia kibao kile kama tunavyoichukulia mvua, yaani kipo tu. Ukimuuliza konda nani kakiweka, atakwambia "trafiki hao, wanatafuta hela." Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo atakwambia "serikali." Majibu yote mawili hayasaidii kitu. Namba ile ilichaguliwa na watu, kwa sheria inayosomeka na hesabu inayofuatika, na kuna njia ya mwananchi wa kawaida kuomba ibadilishwe au iwekwe mahali isipokuwepo. Makala hii inaeleza namba hiyo inatoka wapi na njia ya kuiomba inapita wapi.

Naandika zaidi kwa wenzangu wa ualimu. Nchi hii shule nyingi zimejengwa kando ya barabara kubwa, kwa sababu ndiko watu walikojenga na ndiko gari la vifaa linakofika. Ukipangiwa kituo cha kazi, au hata ukienda mafunzo kwa vitendo ya wiki chache tu, uwezekano wa kukuta lami mbele ya geti la shule ni mkubwa. Siku hiyo swali la nani anaandika 50 litakuwa lako.

Sheria inasemaje

Sheria mama ni Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973. Kwenye vitabu vya sheria utaikuta kama Sura ya 168. Kifungu cha 51 ndicho kinachohusu mwendo, na kwa lugha yetu ya kila siku kinabeba mambo makubwa mawili. La kwanza: ndani ya eneo la makazi gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. La pili: magari ya biashara na ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500, yaani mabasi na malori, yasizidi kilomita 80 kwa saa hata yakiwa porini.

Ukisoma kwa makini utaona mambo mengine mawili. Namba 80 haikuandikiwa gari dogo. Ile Noah au Prado inayokupita kwa kasi baada ya Magugu inaongozwa na kibao kilicho mbele yake na wajibu wa jumla wa kutoendesha kwa hatari. Pia neno "shule" halina namba yake ya jumla humo. Kilomita 30 unazoziona kwenye baadhi ya maeneo ya shule zimewekwa mahali hapo kwa kibao, kwa hiyo pasipo na kibao hazipo. Ndiyo maana watetezi wa usalama barabarani hapa nchini wamekuwa wakiomba miaka yote sheria ya 1973 irekebishwe.

Sasa, sheria ikishasema 50 kwenye makazi, nani anaamua makazi yanaanzia mti upi na kuishia mti upi? Hapo tunatoka bungeni, tunaingia kwa wahandisi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inagawa barabara kwa wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala ya Barabara, TANROADS. Barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Kwa Babati maana yake ni hii: ile ya kutoka Arusha inayopita mjini kwenda Kondoa na Dodoma, pamoja na ile inayochepuka kwenda Katesh na Singida, ni za TANROADS. Ukiingia ndani mitaani, Bagara huko au Maisaka, barabara nyingi ni za TARURA. Mwenye barabara ndiye mwenye kibao, ndiye mwenye tuta, na ndiye mwenye kupaka ile mistari ya pundamilia.

Polisi wa usalama barabarani yeye hachagui namba. Anasimamia iliyopo, na akikukamata unaandikiwa faini ya shilingi 30,000. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu, inamshika mmiliki wa basi kupitia leseni, na inafuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu kwa kile kifaa kinachoitwa VTS. Kwa hiyo sheria inatungwa na Bunge, kibao kinawekwa na mwenye barabara, tochi inapigwa na polisi, na leseni inatoka LATRA. Anayewachanganya hawa wote na kuwaita "serikali" atapeleka shida yake kwenye mlango usio wake.

Namba yenyewe ilitoka wapi

Mwaka 1865 Uingereza ilitunga sheria iliyobana magari ya mvuke yasizidi maili 4 kwa saa vijijini na maili 2 mjini, tena mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Mwaka 1896 kikomo kikapandishwa hadi maili 14. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari huko Crystal Palace, London, akafa. Anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini humo. Mwaka 1903 kikomo kilipanda tena kikawa maili 20. Mwaka 1930 Waingereza wakakifuta kabisa kwa magari madogo. Vifo vikawashtua, na kufika mwaka 1935 wakarudisha kikomo cha maili 30, karibu kilomita 48 kwa saa, kwenye maeneo yenye nyumba. Hiyo 50 yetu ya makazi ni jirani yake kabisa.

Namba hizo zilipanda, zikafutwa, zikarudi. Kila mara kulikuwa na upande unaotaka kuwahi na upande unaotaka kuvuka salama, na namba ikatulia pale nguvu zao zilipolingana. Kwa hiyo mtu akikwambia "50 ni 50, haijadiliki," mkumbushe kwamba imejadiliwa zaidi ya miaka 150.

Wahandisi wa leo wana njia mbili kubwa za kuchagua namba ya mahali fulani. Njia ya kwanza ilienea sana Marekani. Unasimama kando ya barabara na kupima mwendo wa magari mia yasiyo na foleni. Unayapanga kuanzia la taratibu hadi la kasi, kisha unaangalia lile la 85. Mwendo wake ndio unaokaribia kuwa kikomo. Wazo lake ni kwamba madereva wengi wana akili timamu na hawataki kufa, hivyo kibao kifuate wanachofanya, na wabanwe wale 15 wa juu tu.

Njia hiyo ina shida ambayo mwanafunzi yeyote wa vipimo na tathmini ataiona haraka. Ni kama mtihani ambao alama ya kufaulu inapangwa na watahiniwa wenyewe. Barabara ikiwa pana na imenyooka, madereva wanakimbia, kwa hiyo namba inapanda. Namba ikipanda, wanakimbia zaidi. Na waliopimwa ni wenye magari tu. Bibi anayevuka na ndoo yake ya samaki kutoka ziwani hayumo kwenye yale magari mia.

Njia ya pili inaanzia kwenye mwili wa binadamu. Sweden iliipitisha bungeni mwaka 1997 chini ya jina la Dira ya Sifuri, maana yake lengo ni asife mtu. Swali lake ni jepesi: mahali hapa ajali ikitokea, itakuwa ya aina gani, na mwili unaweza kuhimili kasi kiasi gani? Kama watu wanatembea na kuvuka katikati ya magari, jibu ni kilomita 30 kwa saa. Namba hiyohiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye azimio la mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020, kwa maeneo ambayo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika. Agosti mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatangaza miaka 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa pili wa usalama barabarani, wenye lengo la kupunguza vifo na majeruhi kwa nusu.

Hesabu ya breki

Wengi tunadhani tofauti ya 50 na 60 ni kidogo tu, kumi si kitu. Tufanye hesabu ambayo mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili anaweza kuiandika ubaoni.

Dereva akimwona mtoto ametokea, hakanyagi breki palepale. Macho yanaona, akili inatafsiri, mguu unahama. Tuseme inamchukua sekunde moja na nusu. Kisha breki zinaanza kazi, na kwenye lami kavu, matairi mazima, gari linapoteza kama mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa 30, gari litakuwa limesimama ndani ya mita 17 na nusu. Kwa 50, mita 35. Kwa 60, mita 45. Kwa 80, karibu mita 69.

Sasa mweke mtoto mita 35 mbele. Gari la 50 linasimama mbele yake kabisa, anapata hofu tu. Gari la 60 linamfikia likiwa bado na kasi ya zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Gari la 80 linamfikia likiwa karibu na 78, kwa sababu dereva ndiyo kwanza amegusa breki. Na hiyo ni lami kavu. Ongeza mvua, tairi lililolika au mzigo wa vitunguu juu ya fuso, kisha ufanye hesabu upya.

Kuna lingine. Nguvu ya gari linapogonga haiongezeki sambamba na mwendo, inaongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka 50 hadi 80, mwendo umeongezeka mara 1.6, lakini nguvu imeongezeka zaidi ya mara 2 na nusu. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari inaongezeka mara 4 na nusu mwendo ukitoka 50 kufika 65. Linasema pia kwamba wastani wa mwendo kwenye barabara ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali za vifo inapanda kwa karibu asilimia 4.

Na dereva anapata nini? Tuseme sehemu ya mji yenye watu ina kilomita 3. Kwa 50 anaipita kwa dakika 3 na sekunde 36. Kwa 80 anaipita kwa dakika 2 na sekunde 15. Ameokoa dakika 1 na sekunde 21. Konda akishuka kununua mahindi ya kuchoma anaimaliza yote.

Lami ilipofika

Wazee wa Babati wanakumbuka barabara ya Kondoa kabla ya lami. Masika likichachamaa, gari linalala njiani. Vumbi la kiangazi lilikuwa linakufanya ushuke umebadilika rangi. Aprili 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa lami tupu, na Babati ikawa njia panda ya kweli: huku Arusha, huku Dodoma, huku Singida. Biashara ikachangamka. Nyumba za wageni zikaongezeka, mama lishe wakaongezeka, bodaboda ndiyo usipime. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, kelele za barabara haziishi hata saa nane za usiku.

Sitaki mtu aelewe kwamba naichukia lami. Mgonjwa wa Bonga anawahi hospitali kwa sababu ya lami. Ninachosema ni kwamba zamani shimo ndilo lilikuwa trafiki. Hakuna aliyehitaji kibao cha 50 mahali ambapo 40 ilikuwa inavunja sampo. Lami ilipofuta mashimo ilifuta pia kile kikomo cha asili, na mahali pake panatakiwa kuwekwa kitu kwa makusudi.

Mhandisi anapochora barabara kuu, anaanza na kile kinachoitwa mwendo wa usanifu. Miongozo ya Wizara ya Ujenzi inautofautisha kwa aina ya barabara na sura ya nchi: tambarare mkubwa, vilima mdogo, milimani mdogo zaidi. Mwendo huo ndio unaopanga kona ziwe pana kiasi gani na dereva aone mbele umbali gani. Kwa hiyo barabara yenyewe inaongea na dereva kabla ya kibao. Imenyooka, ni pana, mabega yake yapo, inamwambia "nenda." Kisha ghafla kwenye mji kibao kinamwambia "50." Dereva anasikia sauti mbili, na sauti ya barabara ni kubwa kuliko ya kibao.

Ndiyo maana kibao peke yake hakitoshi. Kuna rasta, zile mistari iliyoinuka inayotetemesha gari, ambazo kazi yake ni kumwamsha dereva. Kuna tuta, ambalo halibembelezi mtu. Kuna njia ya waenda kwa miguu, taa, na kivuko kilichochorwa kikaonekana. Ukipita Mikumi barabara inayokata hifadhi, utakuta rasta, matuta na mabango yenye orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Twiga ana bei yake pale, nyani ana bei yake, na madereva wanapunguza kweli. Nchi yetu inajua kupunguza mwendo wa magari mahali ilipoamua kwamba kinachovuka kina thamani.

Mbele ya geti la shule

Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo, nilipangiwa shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu. Sitaitaja. Kibao cha 50 kilikuwa kinaishia kabla ya kufika shuleni, kwa sababu kiliwekwa wakati nyumba zilikuwa zinaishia pale. Mji ukakua, kibao kikabaki. Kwa hiyo gari likifika usawa wa shule lilikuwa limeshapita mistari myeusi na kupandisha mwendo.

Shule ilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi na saa nane mchana mwalimu wa zamu anakwenda barabarani na kitambaa chekundu kuvusha watoto. Kwa kweli nilikuwa nikikishika kile kitambaa nakumbuka yule mtu wa bendera wa mwaka 1865. Muhula huo mtoto wa darasa la pili aligongwa na pikipiki siku ambayo alitoka mapema kwa sababu anaumwa, na mwenye kitambaa alikuwa darasani. Alivunjika mguu. Alirudi shuleni muhula uliofuata akiwa ameachwa mbali kwenye kusoma.

Nilimuuliza mwalimu mmoja mkongwe kwa nini shule haijaomba kibao kisogezwe.

"Tumeomba, mwanangu," alinijibu. "Barua ilienda mwaka juzi, hatujajibiwa mpaka leo."

Tulipofuatilia tukagundua barua ilikuwa imepelekwa ofisi ambayo barabara ile si yake. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye faili. Hakuna aliyeikataa na hakuna aliyeisogeza. Miaka miwili ilipita kwa sababu ya anwani.

Kwamba vitu vidogo vinasaidia si maneno matupu. Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi kwenye shule zilizo kwenye hatari kupitia mpango wake wa SARSAI: matuta, njia za miguu, vivuko, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, geti kuhamishiwa upande salama. Majeruhi wa barabarani kwenye maeneo hayo walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata Tuzo ya Ross ya taasisi ya WRI. Hakuna kilichotumika pale ambacho mkandarasi wa Babati hawezi kukifanya kwa saruji, rangi na nondo.

"Lakini madereva hawafuati"

Hoja hii naisikia sana, na ina ukweli. Madereva wanawashiana taa kuambiana tochi iko wapi. LATRA yenyewe imewahi kulalamika kwamba wapo wanaochezea VTS. Wapo wanaosema vibao vya 50 ni vingi mno, vingine vimewekwa porini hakuna hata banda la kuku, na kwamba trafiki anajificha palepale.

Hoja hiyo inanifanya nitake namba ziwekwe vizuri zaidi. Kibao kilichobaki porini baada ya kijiji kuhama kinamfundisha dereva kwamba vibao vinadanganya, na somo hilo analibeba hadi kwenye kibao cha kweli mbele ya shule. Wenzetu Kenya walijifunza kitu Februari 2004, zilipoanza zile kanuni za Waziri John Michuki: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwenye matatu, mikanda kwa abiria, mstari wa njano ubavuni. Siku za mwanzo magari yalikaa kando, watu wakatembea kwa miguu Nairobi nzima, lakini kanuni zilishika kwa sababu zilisimamiwa kwa pamoja, kila mtu akaona zinamhusu na mwenzake. Usimamizi ulipolegea, na nidhamu ikalegea nayo.

Jinsi ya kuomba

Basi hii ndiyo njia, uibebe kwenye begi pamoja na andalio la somo.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu au ya mkoa, ofisi ni ya Meneja wa TANROADS wa mkoa. Kwetu Manyara ofisi iko hapa Babati. Barabara ya wilaya au mtaa, ni TARURA ya wilaya. Kama huna uhakika, muulize mtendaji wa kata, au nenda TANROADS uulize kabla hujaandika chochote.

Pili, hesabu. Wiki moja inatosha. Watoto wangapi wanavuka asubuhi, wangapi mchana, wanavukia wapi hasa. Kibao cha 50 kinaishia mita ngapi kutoka getini. Pima kwa hatua ukikosa kipimo. Ajali zilizotokea ziandike kwa tarehe, bila majina ya watoto. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuihesabu wenyewe na kuchora grafu, ukawa umefundisha hisabati hapohapo.

Tatu, omba vitu vinavyotajika. Usiandike "tunaomba usalama uboreshwe." Andika: kibao cha kuanza 50 kisogezwe kipite shule, kibao cha 30 na alama ya watoto viwekwe pande zote mbili, kivuko kichorwe, na rasta au tuta litangulie kivuko.

Nne, barua ipitie kamati ya shule na serikali ya kijiji au mtaa, nakala kwa diwani na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Diwani ana nafasi ya kulisema kwenye Baraza la Madiwani. Juu yake kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na Meneja wa TANROADS ndiye katibu. Wabunge na wenyeviti wa halmashauri wanaingia humo. Bajeti za matengenezo ya mwaka zinapita kwenye meza hiyo, na alama za barabarani ni sehemu ya matengenezo.

Tano, chukua nakala iliyogongwa muhuri na tarehe, na urudi baada ya mwezi kuuliza imefikia wapi.

Wenzangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo muhula ujao, mnakwenda kukaa wiki nane hivi kwenye shule. Hazitoshi kusubiri tuta lijengwe, lakini zinatosha kuhesabu watoto, kupima umbali hadi kwenye kibao na kumwachia mwalimu mkuu barua iliyoandikiwa ofisi inayohusika.